Skeni ya Katikati: Vile Madaktari Walijifunza Kuuliza Mapema

Wasee, swali moja kwanza. Ukianzishiwa dawa kali ya miezi sita, ile ya kukunyoa nywele bila kinyozi na kukutapisha usiku mzima, ungetaka kujua lini kama inafanya kazi? Mwezi wa sita ikishaisha, ama mwezi wa pili wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha mpango?

Najua jibu lako. Kila mtu angesema mwezi wa pili. Lakini kutoka mwaka ambao huu ugonjwa ninaouongelea uliandikwa vizuri mara ya kwanza, 1832, mpaka madaktari walipoonyesha kwa takwimu nzito kwamba wanaweza kujibu hilo swali mapema, 2007, ilipita miaka 175. Leo tupitie hiyo safari, juu kuna kitu ndani yake ambacho naona sisi hapa Kenya tunakihitaji hata kabla ya mashine yenyewe.

Ugonjwa unaitwa limfoma. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Hukaa sana kwenye tezi: za shingoni, kwapani, kwenye kinena, ndani ya kifua na tumboni. Aina zake ni nyingi, lakini moja inaitwa Hodgkin, na hiyo hushika sana vijana, kuanzia miaka ya mwisho ya utineja hadi thelathini na kitu. Yaani sisi. Si story ya wazee hii.

Mimi si daktari. Niliacha kampasi mwaka wa pili na siku hizi natengeneza video na kuandika. Lakini kuna kitu kimoja cha kampasi nakikumbuka poa: CAT. Kazi ya CAT ni kukuambia katikati ya semista kama umeshika ama umepotea, ndio ujirekebishe kabla ya mtihani wa mwisho. Pale nilikuwa nasoma, alama za CAT zilikuwa zinabandikwa ukutani baada ya mtihani wa mwisho kuisha. Sasa hiyo ni CAT ama ni tangazo la kifo? Shika hiyo picha, kwa sababu historia ya limfoma ni historia ya watu waliokuwa wanapata alama zao wakiwa wamechelewa.

Tuanze London, 1832, hospitali inaitwa Guy's. Thomas Hodgkin, jamaa wa miaka 33, kazi yake ilikuwa kupasua maiti na kutunza viungo vya jumba la makumbusho la hospitali. Akaandika kuhusu watu 7 waliokuwa na tezi zilizovimba na wengu uliokuwa na shida, akasema huu si ugonjwa wa kawaida. Alikuwa sahihi, na 1865 daktari mwingine wa hapo hapo Guy's, Samuel Wilks, akaupa ugonjwa jina lake. Lakini ona shida: jibu la Hodgkin lilitoka kwa maiti. Mwenye ugonjwa alikuwa ameshaenda.

Miaka zaidi ya 100 baadaye mambo yalikuwa yamesonga, lakini kuona ndani bado ilikuwa kazi. Huko Stanford, Marekani, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, madaktari walikuwa wanafungua tumbo la mgonjwa wa Hodgkin na kutoa wengu mzima, si kwa sababu umeharibika, bali ndio waangalie kama ugonjwa umefika huko. Soma hiyo tena. Mtu anapasuliwa ili aangaliwe. Na haikuwa ukatili, ni kwamba hawakuwa na njia bora.

Dawa nazo zikaja. Mwaka wa 1970 timu ya Vincent DeVita, kwenye taasisi ya kitaifa ya saratani ya Marekani, ilitangaza matokeo ya mchanganyiko wa dawa nne ulioitwa MOPP. Kati ya wagonjwa 43 wa Hodgkin iliyosambaa, 35 walifika mahali ugonjwa haukuonekana tena. Kwa ugonjwa uliokuwa unaua karibu kila mtu akishafika hapo, hiyo ilikuwa maajabu. Halafu 1975, Gianni Bonadonna na wenzake wa Milan, Italia, wakaleta mchanganyiko mwingine, ABVD, ambao mpaka leo bado unatumika sehemu nyingi za dunia.

Lakini dawa zina deni. MOPP iliwaacha wengi bila uwezo wa kupata watoto, na wengine wakapata saratani ya damu miaka kadhaa baadaye. ABVD ina bleomisini, ambayo inaweza kuharibu mapafu. Sasa fikiria umepona ukiwa na miaka 22, una miaka 50 mbele yako na mapafu yaliyochoka. Ndio maana swali halikuwa tu "dawa inaua ugonjwa?" Lilikuwa pia "huyu anahitaji dawa kiasi gani?" Na huwezi kujibu hilo kama huoni kinachoendelea ndani.

Hapa turudi nyuma kidogo, na tukuje nyumbani, kwa sababu kuna watu walioona limfoma ikijibu dawa mapema, waziwazi, na waliiona Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1957, pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya, pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. 1958 akaandika kuhusu hao watoto. 1961 akapanda gari kuukuu na madaktari wenzake wawili, wakaendesha maili takriban 10,000 kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmeona hii kitu? Huo ugonjwa leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Na 1964, uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda ndio uliowapa Anthony Epstein na wenzake London kirusi cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu, kile kinaitwa Epstein-Barr.

Story ya kirusi husemwa sana. Ile haisemwi sana ni ya dawa. Burkitt huko Kampala, na daktari Peter Clifford hapa Nairobi, walianza kuwapa hao watoto dawa za kemo, kama methotreksati na siklofosfamidi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawakuwa na mashine za maana. Lakini uvimbe ulikuwa usoni. Kwa watoto wengine, uso uliokuwa umefura ulianza kunywea ndani ya siku chache. Mama aliyekaa kando ya kitanda hakuhitaji kusomewa ripoti, aliona.

Hiyo, kwangu, ndiyo skeni ya mapema ya zamani: macho. Na ilikuwa na udhaifu wa macho, kwamba yanaona ya nje tu. Kuna watoto walionywea uso kabisa na ugonjwa ukarudi, wakati mwingine kwenye ubongo. Na mtu mwenye Hodgkin kifuani, uvimbe wake umejificha nyuma ya mbavu. Huyo utamsoma vipi?

Skeni ya CT ilipokuja miaka ya 1970, watu walidhani hiyo ndiyo jibu. Ikapima ukubwa wa uvimbe bila kisu. Lakini Hodgkin ina ujanja: ukiua ugonjwa, mara nyingi unaacha kovu. Donge linabaki kifuani, na CT inakuonyesha donge. Liko hai ama limekufa? CT haijui. Ni kama kupita kando ya nyumba mchana na kuulizwa kama kuna mtu ndani. Ukuta unauona, lakini ungesubiri usiku uone kama taa inawaka.

Hiyo taa ilianza kutafutwa 1969. Watafiti wawili wa Oak Ridge, Marekani, Edwards na Hayes, walikuwa wanajaribu madini ya galiamu yenye mnururisho kwa ajili ya kupiga picha mifupa. Wakampa mgonjwa wa Hodgkin. Badala ya mifupa, zikawaka tezi zake zenye ugonjwa. Ilikuwa bahati tu, lakini ikafungua njia: unaweza kupiga picha ya uhai wa uvimbe, si ukubwa wake peke yake. Shida ni kwamba picha za galiamu zilikuwa na ukungu na zilichukua siku kadhaa.

Jibu bora likatoka kwenye sukari. Tangu miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameonyesha kwamba chembe za saratani zinakula glukosi kwa pupa. Basi wanakemia wa maabara ya Brookhaven, karibu na New York, wakatengeneza sukari bandia iliyofungwa florini yenye mnururisho. Inaitwa FDG. Chembe inaimeza ikidhani ni glukosi, halafu inashindwa kuimeng'enya, kwa hivyo inakwama humo ndani ikitoa ishara. Mashine ya PET, ile kama pete kubwa unayoingizwa katikati, inashika hizo ishara na kuchora ramani: hapa panakula sana, hapa pametulia.

Agosti 1976 FDG ilidungwa kwa binadamu mara ya kwanza, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Ilibidi iletwe kwa ndege kutoka Brookhaven, kwa sababu nguvu ya hiyo florini inapungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Sisi wa Nairobi tunaelewa hiyo hesabu. Jam moja mbaya ya Thika Road na nusu ya dawa imeishia njiani. Wakati huo hawakuwa wanatafuta saratani, walikuwa wanaangalia ubongo. Ilichukua miaka mingine mingi, na mashine iliyounganisha PET na CT, ambayo ilianza kuuzwa 2001, ndipo hospitali nyingi zikaanza kuitumia kwa limfoma.

Na bado wengi walikuwa wanaitumia mwishoni. Dawa imeisha, tuangalie. CAT baada ya mtihani.

Wale waliogeuza mambo walifanya kitu rahisi sana: waliingiza mgonjwa kwenye mashine baada ya mizunguko 2 tu ya dawa, yaani karibu miezi miwili. Mwaka wa 2006, Martin Hutchings na wenzake wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 77 wa Hodgkin. Baada ya mizunguko 2, skeni za watu 61 zilikuwa safi. Kati yao ni 3 tu ambao ugonjwa uliwarudia ama kuendelea. Watu 16 bado walikuwa wanawaka. Kati ya hao 16, ugonjwa uliendelea kwa 11.

Mwaka uliofuata, 2007, Andrea Gallamini wa Italia akaungana na hao wa Denmark, wakatoa hesabu ya wagonjwa 260 wenye Hodgkin ya hatua za juu. Baada ya miaka miwili, asilimia 95 ya wale waliokuwa na skeni safi ya mapema walikuwa bado bila ugonjwa. Wale waliowaka? Asilimia 12.8. Zile hesabu za zamani za kukadiria hatari, za umri na vipimo vya damu, zikafunikwa na picha moja ya mwezi wa pili.

Hapo wakagundua shida nyingine ya kibinadamu kabisa: kila daktari alikuwa anasoma picha kivyake. Huyu anasema inawaka, yule anasema ni kawaida. Aprili 2009 wakakutana Deauville, mji wa pwani ya Ufaransa, wakakubaliana alama kutoka 1 hadi 5. Na rula waliyochagua ni mwili wa mgonjwa mwenyewe. Unalinganisha doa na damu iliyo katikati ya kifua, halafu na ini. Ikiwa doa haliwaki, ni 1. Likiwa halizidi damu ya kifua, 2. Likizidi hiyo lakini lisizidi ini, 3. Likizidi ini, 4. Likizidi ini kwa mbali, ama pakitokea doa jipya la ugonjwa, 5. Mimi napenda hii sana. Hulinganishwi na Mzungu wa Copenhagen, unalinganishwa na ini lako.

Sasa ikabaki swali kubwa: ukishajua, unafanya nini? Kuna utafiti unaitwa RATHL, ulioanza 2008 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 1,200 kutoka Uingereza, Italia, nchi za Skandinavia, Australia na New Zealand. Wote walianza ABVD, wakapigwa skeni baada ya mizunguko 2. Wenye skeni safi waligawanywa kwa kura: nusu waendelee na dawa zote nne, nusu waondolewe bleomisini, ile ya mapafu. Matokeo yalichapishwa 2016. Baada ya miaka mitatu, asilimia 85.7 ya walioendelea na dawa zote walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, na asilimia 84.4 ya walioondolewa bleomisini. Tofauti ndogo sana, na mapafu ya hawa wa pili yakaumia kidogo zaidi ama yasiumie kabisa. Wale 172 waliowaka walipewa dawa kali zaidi, na baada ya miaka mitatu asilimia 67.5 walikuwa bado bila ugonjwa kuendelea. Ile 12.8 ya 2007 iikumbuke. Ni tafiti tofauti, huwezi kuzilinganisha kama alama za mechi, lakini unaona mbona madaktari walishtuka vizuri.

Kitu ambacho kinanigusa hapo si wale walioongezewa dawa. Ni wale waliopunguziwa. Wengi wetu tunadhani kupima ni kutafuta ubaya. Kumbe kwa wagonjwa wengi wa RATHL, kupima mapema kulimaanisha mtu anaambiwa: wewe inatosha, tulinde mapafu yako.

Lakini nisiwauzie ndoto. Kuna aina nyingine ya limfoma, ya kawaida zaidi, inayokuja kwa kasi na inayotokana na chembe kubwa za B. Wajerumani walifanya utafiti unaitwa PETAL, wakachapisha 2018. Skeni ya mapema ilitabiri vizuri nani ana hatari. Wakabadilisha dawa za waliowaka, wakawapa zile kali za mtindo wa Burkitt. Haikusaidia. Waliongezewa sumu, na maisha hayakuongezeka. Kujua mapema kunakupa nafasi ya kubadilisha njia, lakini lazima kuwe na njia nyingine ya kushika.

Na sukari hudanganya pia. Ubongo unawaka kila siku, kibofu kinawaka, na maambukizi yanawaka. TB inawaka. Kwa nchi kama yetu hiyo si kitu kidogo, kwa sababu doa linalowaka linaweza kuwa TB, na kwa upande mwingine madaktari wa Afrika wameandika miaka mingi kuhusu watu wenye limfoma waliowekwa kwenye dawa za TB kwanza kwa sababu dalili zinafanana: homa, jasho la usiku, kukonda, tezi. Skeni haiondoi ile kazi ya kukata kipande cha tezi na kukipeleka maabara.

Sasa tuseme ya kwetu. Zamani Mkenya akitaka PET ilibidi apande ndege, wengi wakienda India. Siku hizi mashine ziko Nairobi, pale Aga Khan na pale hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na sukari yenyewe inaweza kutengenezwa hapa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mashine ikiwa Nairobi na mgonjwa akiwa Lodwar, na skeni moja ikigharimu makumi ya maelfu ya shilingi, bado kuna ukuta.

Kuna wale watasema PET ya katikati ni anasa, tungoje tupate dawa za kutosha kwanza. Naelewa, na kama pesa ni ya dawa ama skeni, chukua dawa. Lakini kumalizia mtu miezi sita ya dawa isiyomfanyia kazi, hiyo pia ni pesa, na ni pesa mbaya zaidi. Angalia vile sisi huchanga. Harambee kubwa huitwa mwishoni, mtu akiwa amekonda, tiketi ya ndege ikitafutwa kwa grupu ya WhatsApp saa tano usiku. Sijawahi kuona bango la mchango limeandikwa "skeni ya mwezi wa pili". Naona tungeanza hapo.

Na hata mahali hakuna PET, swali lenyewe ni bure. Burkitt na Clifford waliliuliza bila saiklotroni. Kupapasa tezi, kupiga picha ya kifua, CT ikiwezekana: vyote vinaweza kuulizwa mapema, hata kama majibu yake si makali kama ya PET.

Kwa hivyo, mtu wangu, ukiwa na tezi imevimba shingoni ama kwapani, haiumi, na wiki zinapita haishuki, ama unalowesha shuka usiku na unakonda bila kujinyima, nenda hospitali. Na kama ni wewe ama ni mtu wako ameshaanzishiwa kemo ya limfoma, msiache dawa na msijibadilishie chochote. Lakini siku ya kliniki, kabla hamjatoka kwenye kile chumba, uliza kwa heshima: "Daktari, tutajua lini kama hii dawa inafanya kazi, na tukijua haifanyi, mpango wetu ni upi?"

Aandike tarehe. Nyinyi muanze kuchangia hiyo tarehe leo.